Mali ya Wakfu na Kodi ya Serikali

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika siku za ukumbusho kama hizi ni desturi njema kuwataja waliotoa ardhi, na waliobeba matofali, na walimu waliosomesha watoto chini ya mti kabla chuo hakijapata paa. Lakini wako wengine ambao hawatajwi sana, nao ni wale waliokaa usiku na karatasi: wakaandika katiba ya jumuiya, wakafuata mhuri wa wadhamini, wakapanda ngazi za ofisi ya kodi mara nyingi mpaka wakapewa barua ya kusema kwamba mali hii ni ya dini na hisani, haitozwi. Kazi yao haionekani machoni kama mnara unavyoonekana, walakini msikiti uliokosa hati waweza kuondoka mikononi mwa Waislamu hali ya kuwa mnara wake ungali umesimama.

Wako ndugu wasemao kwamba mambo ya kuandikisha jumuiya na kuomba msamaha wa kodi ni mambo ya Wazungu, hayana asili katika dini. Na wako wasemao kwamba nyumba ya Mwenyezi Mungu haihitaji ruhusa ya mtu, basi mtoza kodi asiulize kitu. Makundi haya mawili yote yamekosea, na atakayesoma historia ya jambo hili ataona kosa lao lilipo.

ASILI YA WAKFU

Katika mwaka wa saba wa Hijra, sawa na mwaka 628 wa Miladi, Khaybar ilipofunguliwa, Sayyidna Umar bin al-Khattab, Mungu amwie radhi, alipata huko shamba ambalo hakupata kuwa na mali aliyoipenda kuliko hilo. Akaenda kwa Mtume, S.A.W., kumtaka shauri alifanyie nini. Mtume akamshauri aizuie asili ya mali ile na atoe sadaka yale yatokayo ndani yake. Umar akafanya hivyo, akaweka sharti kwamba shamba lisiuzwe, wala lisitolewe zawadi, wala lisirithiwe. Na matunda yake yawe kwa mafukara, na jamaa, na kuwakomboa watumwa, na njia ya Mwenyezi Mungu, na msafiri, na mgeni. Akasema pia juu ya msimamizi wake: hapana ubaya kwake kula katika shamba lile kwa kiasi kinachojulikana kuwa ni cha haki, na kumlisha rafiki, lakini asijikusanyie mali kwa njia hiyo. Habari hii ameipokea mwanawe Abdullah bin Umar, nayo imo katika vitabu viwili vya Bukhari na Muslim.

Na yatazamwe masharti haya kwa makini, maana ndiyo msingi wa yote yatakayofuata. La kwanza, mali imetoka katika milki ya mtu na hairudi tena. La pili, makusudio yametajwa, hayakuachwa gizani. La tatu, yuko msimamizi anayejulikana. La nne, msimamizi ana haki ya ujira wa kazi yake, lakini hana haki ya kutajirika.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pande hizi, wakaongeza jambo lingine lenye faida kubwa katika mas'ala haya. Walipoulizwa kama matunda ya shamba la wakfu yanatolewa zaka, walitenganisha. Wakfu uliowekewa watu maalumu, kwa mfano watoto wa fulani, matunda yake yanatolewa zaka yakifika kiasi cha nisabu, kwa sababu ana mwenyewe anayeyamiliki. Ama wakfu wa msikiti, au wa mafukara kwa jumla, matunda yake hayana zaka, kwa sababu hana mwenyewe maalumu. Basi tofauti baina ya mali yenye kumfaa mtu binafsi na mali ya watu wote ilijulikana katika fikihi karne nyingi kabla ya ofisi yoyote ya kodi kujengwa katika Afrika ya Mashariki.

WAINGEREZA NA SADAKA ZAO

Uingereza nayo ilikuwa na mali zilizoachwa kwa ajili ya maskini, na mashule, na makanisa. Mwaka 1601, katika zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, ilitungwa sheria juu ya mali hizo kwa sababu wasimamizi wengi walikuwa wakizila. Mwanzoni mwa sheria ile yalitajwa makusudio yanayohesabiwa kuwa ni ya hisani: kuwasaidia wazee na maskini na wagonjwa, kusomesha, kutengeneza madaraja na njia, kuwalea mayatima, na mengine mfano wa hayo.

Baadaye ikaja kodi ya mapato. William Pitt aliianzisha mwaka 1799 ili kupata fedha za vita na Wafaransa, na tangu mwanzo huo mali ya hisani ilisamehewa. Mwaka 1863 Bwana Gladstone, aliyekuwa waziri wa fedha, alitaka kuuondoa msamaha huo. Hoja yake ilikuwa kwamba shilingi inayosamehewa mmoja hulipwa na mwingine, kwa hiyo msamaha ni kama fedha ya serikali iliyotolewa bila kuhojiwa. Watu wa vyama vya hisani wakamjia kwa wingi kumpinga, naye akaliondoa shauri lake. Lakini hoja yake haikufa. Kila afisa wa kodi anayeuliza maswali mengi leo anauliza kwa sababu hiyo hiyo: anayesamehewa amewaachia jirani zake mzigo, basi ni haki ajulikane anafanya nini na alichosamehewa.

Kesi iliyoamua jambo hili kwa muda mrefu ilihukumiwa na Baraza la Malodi mwaka 1891. Kanisa la Moravian lilikuwa na ardhi iliyotolewa mwaka 1813 ili mapato yake yasaidie kazi ya wamisionari wake katika nchi za mbali. Kwa miaka mingi lilirudishiwa kodi. Kisha mwaka 1886 maofisa wakakataa, wakisema kuwa hisani maana yake ni kuwasaidia maskini tu. Mweka hazina wa kanisa, Bwana Pemsel, akapeleka shauri mahakamani akashinda. Katika hukumu hiyo Lodi Macnaghten alizigawa hisani katika mafungu manne: kuondoa umaskini, kuendeleza elimu, kuendeleza dini, na makusudio mengine yenye faida kwa watu wote. Mafungu hayo manne yakasafiri pamoja na sheria za Kiingereza mpaka Bara Hindi, na Mombasa, na Kampala.

Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Shauri lile lilikuwa la Wakristo na wamisionari wao, lakini mlango uliofunguliwa siku ile ndio uliopitiwa baadaye na misikiti na madrasa za Waislamu katika makoloni. Sheria haikusema dini gani; ilisema dini.

WAKFU WAPELEKWA LONDON

Walakini Waislamu hawakupita mlango huo kwa wepesi. Mwaka 1894 lilifika mbele ya Baraza la Rufaa la London shauri kutoka Bengal. Ndugu wawili walikuwa wameweka wakfu mali yao kwa ajili ya watoto wao na vizazi vyao, na mwisho wa yote, vizazi vikimalizika, iwe ya maskini. Majaji wakaona kuwa fungu la maskini liko mbali mno, ni jina tu, basi wakaubatilisha wakfu huo. Kwa Mwislamu hukumu hii ilikuwa ngumu kuielewa, maana kuwapa jamaa ni sadaka katika dini yake, na Umar mwenyewe aliwataja jamaa katika sharti lake. Lakini majaji walipima wakfu kwa mizani ya hisani ya Kiingereza, na katika mizani hiyo anayewapa watoto wake hajatoa kitu kwa watu wote.

Waislamu wa Bara Hindi wakalalamika kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1913 ikapitishwa sheria ya kuusahihisha wakfu wa jamaa. Aliyeusukuma mswada huo katika baraza alikuwa Muhammad Ali Jinnah, ambaye baadaye akawa mwanzilishi wa Pakistan.

Huku Afrika ya Mashariki serikali ya Kiingereza ilikwisha weka Tume ya Wakfu kwa sheria ya mwaka 1900 katika nchi iliyoitwa baadaye Kenya, na Unguja ikapata sheria yake mwaka 1905. Lakini hukumu ya Bengal iliwafuata Waislamu wa pwani. Unguja ilijikinga mwaka 1946 kwa sheria ya kuusahihisha wakfu. Mombasa haikuwahi. Shauri la wakfu wa jamaa lilitoka huko likafika London, na mwaka 1951 Baraza la Rufaa likasema kuwa hukumu ya 1894 ndiyo ya kufuatwa Kenya pia, hata kama wenye shauri ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Kenya ikapata sheria mpya ya Tume ya Wakfu mwaka huo huo wa 1951, na ndani yake wakfu wa jamaa ukakubaliwa, kwa sharti kwamba mwisho wake uwe ni kwa maskini au kwa jambo jingine la dini na hisani lisilokoma.

Habari hizi zina fundisho. Mtu aweza kuwa na nia safi na fikihi sahihi, na bado karatasi yake ikabatilishwa kwa kuwa haikusema waziwazi ni nani atakayefaidika. Wenye busara waliokuja baada ya hukumu ile waliacha kutegemea nia peke yake, wakayaandika makusudio yao kwa maneno ambayo hata jaji asiyejua Kiarabu atayafahamu.

UGANDA NA ARDHI YA MWAKA 1900

Uganda haikuwa na Tume ya Wakfu kama zile za Mombasa na Unguja. Uislamu uliingia katika jumba la Kabaka Suuna mwaka 1844 pamoja na Ahmed bin Ibrahim, kabla Wamisionari hawajafika. Lakini ulipofika wakati wa kugawa ardhi kwa maandishi, waliofika nyuma ndio waliojua zaidi kazi ya karatasi.

Katika Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900 vyama vitatu vya wamisionari vilitengewa maili za mraba 92. Waislamu walitengewa maili za mraba 24. Wingi na uchache si jambo la kutazamwa peke yake. Litazamwe na jina pia. Ardhi ya wamisionari iliandikwa kwa vyama vyao, na sehemu yake kama amana kwa ajili ya makanisa ya wenyeji. Ardhi ya Waislamu iliandikwa kwa Mwanamfalme Nuhu Mbogo, kwa ajili yake na wafuasi wake. Chama hakifi. Mtu hufa, awe mwema namna gani. Na Mbogo, Mungu amrehemu, alifariki mwaka 1921.

Waislamu wa Buganda walijaaliwa kwamba mwanawe, Mwanamfalme Badru Kakungulu, aliyeishi kutoka mwaka 1907 mpaka 1991, alikuwa mkarimu. Yeye ndiye aliyetoa ardhi katika kilima cha Kibuli. Jiwe la msingi la msikiti liliwekwa mwaka 1941 na Prince Aly Khan, na msikiti ukafunguliwa mwaka 1951; na kilima hicho kikawa mahali pa shule na hospitali pia. Lakini ni wazi kwamba ukarimu wa mtu si kanuni. Si kila mwenye ardhi huacha mrithi mfano wa Kakungulu. Mahali pengi, mzee aliyetoa kiwanja kwa maneno mbele ya mashahidi akishafariki, na mashahidi nao wakafariki, warithi huja na cheti chenye jina la baba yao, na jumuiya haina cha kuonyesha ila majonzi.

Dawa ya ugonjwa huo ilikuwako katika sheria ya Uganda tangu mwaka 1939, nayo ni sheria ya kuwasajili wadhamini. Kwa sheria hiyo, wadhamini wa chama chochote cha dini, au cha elimu, au cha hisani, waweza kuomba cheti. Wakipewa, wanakuwa kitu kimoja mbele ya sheria, chenye jina lake na mhuri wake, kisichokufa kwa kufa mmoja wao. Akifa mdhamini, anawekwa mwingine, na ardhi inabaki pale pale. Mtu akilinganisha na sharti la Umar, kwamba shamba lisiuzwe wala lisirithiwe, ataona kuwa cheti hiki ni chombo tu cha kulitimiza sharti lile katika nchi ya hati na mihuri.

KODI YA MAPATO YAINGIA

Kodi ya mapato ilianza Kenya kwa kudumu mwaka 1937, na Uganda na Tanganyika mwaka 1940, wakati wa vita. Mwaka 1952 nchi za Afrika ya Mashariki zikapata sheria moja ya usimamizi wa kodi hiyo. Baada ya uhuru, kila nchi ikaja kufuata sheria yake: Kenya mwaka 1973, Uganda mwaka 1974. Na katika sheria ya Kenya ya 1973 mtu atasikia sauti ya Lodi Macnaghten, maana imesamehe mapato ya vyama vya umma vilivyowekwa kwa ajili ya kuondoa umaskini au dhiki ya watu, au kuendeleza dini au elimu.

Wakati huo jumuiya nazo zilikuwa zikizaliwa na kufa. Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika ya Mashariki ilianzishwa Mombasa mwaka 1945 kwa jitihada ya Aga Khan, ikajenga misikiti na mashule katika nchi nyingi. Mwaka 1968 ilipigwa marufuku Tanzania, na mali zake huko zikahamia kwa BAKWATA. Uganda nayo, baada ya miaka ya vyama vilivyopingana, ikapata Baraza Kuu la Waislamu mwaka 1972. Mwenye kuanzisha jumuiya, iwe ndogo namna gani, na azingatie mabadiliko hayo, aandike tangu siku ya kwanza: jumuiya hii ikivunjika, mali yake itakwenda wapi? Asipoandika yeye, wengine watamwandikia.

MASHARTI YALIVYO SASA

Mamlaka ya Mapato ya Uganda iliundwa mwaka 1991, na sheria ya kodi ya mapato inayofuatwa mpaka leo ilitungwa mwaka 1997. Sheria hiyo haikuusamehe msikiti kwa kuwa ni msikiti. Imeweka mambo matatu, na yote matatu yatimie pamoja.

La kwanza, jumuiya iwe ya dini, au ya hisani, au ya elimu, na iwe ya umma, yaani isiwe ya ukoo mmoja au ya watu wachache waliojifungia. La pili, mapato yake na mali yake visimpe mtu yeyote faida ya binafsi, wala visiweze kumpa. La tatu, Kamishna wa kodi awe ameandika kwamba jumuiya hiyo ameikubali kuwa ni ya kusamehewa. Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa sana. Wengi hudhani kuwa wakishaandikishwa serikalini, kama chama kisicho cha serikali kwa sheria ya mwaka 2016, au kama wadhamini, basi wamekwisha samehewa. Sivyo. Kuandikishwa ni mlango mmoja na msamaha ni mlango wa pili, na ufunguo wa huu haufungui ule. Bila ya andiko la Kamishna, jumuiya inahesabiwa kama mlipaji mwingine yeyote, hata kama fedha zote zimekwenda kwa mayatima.

Na msamaha ukishapatikana, haukufunika kila kitu. Biashara isiyohusiana na kazi ya jumuiya inatozwa kodi. Lakini kodi ya nyumba, yaani pango la maduka na vyumba vya kupangisha, ina sharti lake peke yake: pango hilo husamehewa ikiwa lote linatumika kwa kazi za jumuiya zilizotajwa. Na ichukuliwe mfano. Msikiti una maduka kando ya barabara, na kwa mwaka, baada ya kutoa gharama zinazokubaliwa na sheria, yamebaki shilingi milioni 10. Jumuiya isiyo na msamaha itatozwa kwa kiwango cha asilimia 30, yaani milioni 3, na hizo ni mishahara ya walimu wa madrasa kwa miezi mingi. Jumuiya yenye msamaha, iliyotumia pango lote kwa madrasa na msikiti na maskini, inabaki na milioni 10 zake kamili. Lakini jumuiya yenye msamaha, ambayo pango la duka moja linamwendea mzee wa kamati kwa matumizi yake, imevunja sharti la sheria, na imevunja sharti la Umar katika siku moja.

Isidhaniwe kwamba imamu na mwalimu wasilipwe. Sheria haikukataza mshahara wa haki kwa kazi iliyofanywa, kama vile Umar hakumkataza msimamizi kula kwa kiasi kinachojulikana. Linalokatazwa ni mshahara usio na kazi, na mkopo usio na mwisho, na gari la jumuiya lililogeuka kuwa la mtu. Na mishahara hiyo inakatwa kodi ya wafanyakazi kama ya mahali pengine popote, maana aliyesamehewa ni jumuiya, si mwajiriwa wake.

Iko na faida nyingine isiyojulikana na wafanyabiashara wengi. Mtoaji akiipa mali jumuiya iliyosamehewa, sheria humruhusu kuitoa zawadi hiyo katika hesabu ya mapato yake yanayotozwa kodi, mpaka asilimia 5 ya mapato hayo. Basi andiko la Kamishna humfaa anayetoa kama linavyomfaa anayepokea, na jumuiya isiyo nalo inawanyima wahisani wake haki waliyopewa na sheria.

YANAYOPASA KUTENGENEZWA

Katika historia hii yote, tangu Khaybar mpaka Kampala, maswali yaliyoulizwa ni yale yale. Mali hii ni ya nani? Ni ya kazi gani? Nani anaisimamia? Yeye anapata nini? Mwenye majibu yaliyoandikwa alihifadhika, na asiye nayo alitegemea wema wa warithi au huruma ya majaji.

Kwa hiyo katiba ya jumuiya na itaje jina na makusudio kwa maneno yaliyo wazi: dini, elimu, kusaidia maskini. Isiandikwe kwamba jumuiya itafanya jambo lolote viongozi watakaloona jema, maana maneno hayo yanafungua mlango wa kila kitu na afisa akiyasoma atakuwa na haki ya kushuku. Itamke kwamba hapana mwanachama atakayegawiwa faida. Itamke mali itakwenda kwa jumuiya gani yenye makusudio kama hayo ikivunjika hii. Kisha ardhi ihamishwe kutoka jina la mtu iingie jina la wadhamini, angali hai mwenye kuitoa na ulimi wake ungali unasema. Vitabu vya hesabu viandikwe kila mwezi, na sanduku la Ijumaa lihesabiwe mbele ya watu wawili au watatu, na risiti zihifadhiwe. Hayo yakiwa tayari, ndipo ombi lipelekwe kwa Kamishna pamoja na katiba, na cheti, na hesabu.

Wala barua ya msamaha isifanywe hirizi ya kutundika ukutani. Ni ahadi, na ahadi huulizwa. Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe, nalo ni jambo la watu wawili tu; itakuwaje mali ya umma wote iachwe bila kuandikwa? Mtunza hazina anayeandika kila shilingi hakufanya hivyo kwa kuogopa serikali peke yake. Ameandika kwa sababu mali ile hana mwenyewe maalumu wa kumdai hapa duniani, na mali isiyo na mwenyewe wa kuidai ndiyo yenye hesabu nzito zaidi kesho.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia kutoa, awatie nguvu wanaosimamia, na awaepushe na kula kisicho chao. Na sadaka za Waislamu azijaalie ziwe zenye kudumu, zenye kuwafaa wenyewe baada ya kufa kwao. Amin.